Maswali ya Wasomaji: Jina la Reni Lilitoka Wapi?

Barua za safari hii karibu zote zinamhusu mnyama mmoja: yule mwenye mapembe anayechorwa kwenye kadi akivuta sleji ya Baba Krismasi. Waingereza humwita reindeer, Wafaransa renne, Waswidi ren. Sisi hapa tunamwita reni. Sababu ya kuchagua jina hilo tumeieleza chini kidogo, kwa sababu kuna msomaji aliyetubana juu yake.

SWALI: Nilifundishwa kwamba "rein" katika reindeer ni hatamu, kwa kuwa mnyama huyu hufungwa hatamu akavuta sleji. Je, ni kweli?

Si kweli, ingawa kosa hilo linaeleweka. Neno la Kiingereza la hatamu lina asili ya Kilatini na lilipitia Kifaransa cha kale. Jina la mnyama lilitoka upande mwingine kabisa, kaskazini, kwa watu wa Skandinavia. Katika Kinorse cha kale mnyama huyu aliitwa hreinn, na neno hilo moja lilitosha. Baadaye likaungwa na dýr, maana yake mnyama, likawa hreindýri. Ni kama mtu aseme "mnyama twiga": neno la pili haliongezi maana, linataja jamii tu.

Kipande cha mwisho nacho kimewapotosha wengi. Katika Kiingereza cha kale, dēor alikuwa mnyama yeyote wa porini. Maana ilibana kadiri karne zilivyopita, hadi deer akabaki kuwa yule mla majani wa misituni mwenye mapembe ya matawi. Kijerumani hakikubana hivyo, ndiyo maana Tier ni mnyama yeyote mpaka leo. Kwa hiyo anayelifasiri jina hili kuwa "kulungu wa hatamu" amekosea pande zote mbili.

Kuna ushahidi mzuri wa zamani. Mwishoni mwa karne ya 9, mfanyabiashara mmoja wa kaskazini mwa Norwe aitwaye Ottar alifika kwa Mfalme Alfred wa Wessex, ufalme wa kusini mwa Uingereza, akamweleza habari za kwao. Waandishi wa mfalme waliandika kwamba Ottar alikuwa na wanyama 600 wa kufugwa walioitwa hranas. Sita kati yao walikuwa stælhranas, yaani wa kunasia: walifungwa mahali ili wale wa porini wawasogelee na kukamatwa. Waingereza basi walilisikia jina hili mapema, likiwa bado halijapata mkia wa "deer". Umbo refu lililozaa neno la leo linaonekana katika maandishi yao takriban mwaka 1400.

Nyuma ya hreinn, wanaisimu wengi wanaona mzizi wa Kihindi-Kiulaya (lugha ya kale iliyozaa lugha nyingi za Ulaya na India) wenye maana ya pembe au kichwa, ule ule uliozaa horn ya Kiingereza pamoja na cornu na cervus za Kilatini. Kwa maneno mengine, jina hili huenda mwanzoni lilimaanisha tu "mwenye pembe". Nalo linamfaa, maana katika jamii nzima ya kulungu wenye pembe za matawi huyu ndiye pekee ambaye jike huota pembe kwa kawaida.

Mitego miwili ya kuepuka ukifungua kamusi. Katika Kiswidi, ren ni reni na pia ni "safi". Maneno hayo yalitoka kwenye mizizi tofauti yakakutana njiani, na usafi hauna lolote hapa. Katika Kijerumani, watu wengi waliandika Renntier kwa n mbili wakidhani jina linatokana na rennen, kukimbia. Mnyama hukimbia kweli, tena vizuri, lakini asili ya jina si hiyo. Tahajia sahihi ni Rentier.

SWALI: Caribou wa Kanada ni nani basi? Rafiki yangu anashikilia kwamba jina hilo ni "karibu" yetu, lililochukuliwa na mabaharia.

Mwambie rafiki yako mabaharia hao walipotea njia. "Karibu" yetu ina asili ya Kiarabu. Caribou ni ya Wami'kmaq, wenyeji wa pwani ya mashariki ya Kanada, ambao humwita qalipu. Wafaransa walioweka makazi huko mwanzoni mwa karne ya 17 walilisikia wakaliandika kwa masikio yao. Kitenzi kilichomo ndani yake kinahusu kuparua au kupalia theluji, hivyo qalipu ni "mpalia theluji".

Jina hilo linaeleza kazi halisi. Wakati wa baridi chakula hufunikwa na theluji, wakati mwingine zaidi ya nusu mita. Mnyama hupitisha pua juu ya theluji akinusa, akishapata harufu ya chakula chini yake huchimba kwa kwato za mbele. Watu wengi hudhani anachimba kwa pembe, kwa sababu mara nyingi tawi moja la mbele limepanuka kama sepetu mbele ya uso. Hapana, tawi hilo halichimbi theluji. Kwato ndizo zinazofanya kazi, na zimejiandaa: wakati wa kiangazi nyama ya chini ya ukwato ni laini na pana, inafaa kwenye tope, baridi ikianza hunywea na kukaza, ukingo wa ukwato ukabaki nje, mkali wa kukata barafu na kuzuia kuteleza.

Na caribou ni mnyama yule yule, spishi moja na reni. Desturi ya Kiingereza ni kumwita caribou akiwa wa porini Amerika Kaskazini, na reindeer akiwa wa Ulaya au Asia, au akiwa amefugwa popote. Alaska wanao wote wawili: caribou wa asili, na reindeer waliovushwa kutoka Siberia kuanzia mwaka 1892. Hao wa kufugwa ni wafupi zaidi wa miguu, na hupandana mapema kidogo kuliko wenzao wa porini. Wanaweza kuzaliana. Balaa la mfugaji wa huko ni kundi la caribou kupita karibu, kwani reni wake hujichanganya nao na kuondoka, na kuwarudisha ni kazi ngumu mno.

SWALI: Jina la kisayansi ni Rangifer tarandus. Kila neno lina maana gani?

Tarandus ni la zamani zaidi. Plinio Mkubwa, Mrumi wa karne ya 1, alimtaja mnyama wa kaskazini aitwaye tarandrus, mkubwa kama ng'ombe, anayeweza kubadili rangi ya manyoya yake. Hadithi ya kujibadili kama kinyonga ni ya kutunga. Hata hivyo reni huwa na manyoya ya kahawia iliyokolea wakati wa kiangazi na yaliyopauka wakati wa baridi, na si ajabu habari hiyo ikivimba njiani hadi Roma. Carl Linnaeus, Mswidi aliyeweka mfumo wa majina ya kisayansi, alilitumia jina hilo mwaka 1758, akamweka reni pamoja na kulungu wengine katika jenasi (kundi la spishi za karibu) ya Cervus. Rangifer ni Kilatini cha Enzi za Kati, na sehemu yake ya kwanza inaelekea kutoka kwenye jina lile lile la Skandinavia. Mwaka 1827 mtaalamu wa wanyama Charles Hamilton Smith alimtenga reni katika jenasi yake mwenyewe, na hapo ndipo yupo hadi leo.

SWALI: Kwa nini mnaandika "reni"? Kamusi yangu inasema "kulungu wa aktiki", na Biblia ina ayala. Mnatuchanganya.

Hoja yako ina uzito, kwa hiyo tujieleze. Kulungu tunayemfahamu porini ni jamaa ya tandala na pofu, na hao wako katika familia moja na ng'ombe na mbuzi. Pembe yake ina mfupa ndani na ganda gumu nje, la kitu kile kile cha kucha. Haina matawi, haidondoki, mnyama huzeeka nayo. Reni yuko katika familia nyingine, Cervidae. Pembe zake ni mfupa mtupu, zina matawi, na hudondoka kila mwaka na kuota upya. Kiswahili kinaziita zote pembe, na hapo ndipo wasomaji wanapochanganyikiwa wakisikia kwamba mnyama "ameangusha pembe".

Ayala wa Zaburi 42, anayeionea shauku mito ya maji, yuko karibu zaidi kwa sababu ni wa familia hiyo ya pembe za kudondoka. Lakini ayala ni wa nchi za joto la kadiri, na msomaji atapata picha ya mnyama mwembamba wa msituni. Katika Afrika nzima mwenyeji wa familia hiyo ni mmoja tu, kulungu mwekundu wa Algeria na Tunisia. Kusini mwa Sahara hayupo hata mmoja wa asili, kwa hiyo si kosa la lugha kukosa jina.

"Kulungu wa aktiki" si kosa katika mazungumzo. Hata Warusi humwita kwa maneno mawili yenye maana ya "kulungu wa kaskazini". Tatizo huja katika maelezo marefu, unapotaka kutofautisha dume, jike, maksai na ndama, kisha kulungu wengine wapite hapo hapo. Reni ni fupi, linaambatana na lugha nyingi, na halimfanyi mtu adhani pembe haidondoki. Ukipenda lile la kamusi, litumie, ila litumie hilo hilo mwanzo hadi mwisho.

SWALI: Nimesikia kwamba reni wa Baba Krismasi lazima wawe majike, kwa sababu madume hawana pembe mwezi wa Desemba. Na majina yao yana maana gani?

Ulichosikia kuhusu madume kina ukweli, lakini hitimisho lake limemruka mtu muhimu.

Ratiba ya pembe iko hivi. Dume huanza kuota pembe mapema mwishoni mwa baridi au mwanzoni mwa machipuko, zikiwa zimefunikwa ngozi laini yenye damu na manyoya mafupi kama mahameli. Hukua kwa kasi kubwa, na dume mzima anaweza kufikisha zaidi ya mita moja kwa urefu. Agosti hadi Septemba ngozi hiyo hukauka, mnyama akaisugua kwenye vichaka. Kwa siku chache utamwona na vipande vyenye damu vikining'inia, wala si ugonjwa. Septemba na Oktoba ni majira ya kupandana. Homoni za kiume zikishuka baada ya hapo, mfupa unaoshikilia pembe kwenye fuvu huliwa na mwili wenyewe, na pembe hudondoka. Madume wakubwa huwahi, wengi ifikapo Novemba au Desemba. Vijana huchelewa zaidi.

Majike hubaki na pembe zao, ndogo zaidi, mpaka karibu na kuzaa mwezi wa Mei. Faida yake ni chakula. Jike mwenye mimba akishachimba shimo kwenye theluji, dume mkubwa asiye na pembe huja kutaka kumnyang'anya, na jike humfukuza. Ndama wa mwaka huo hula pembeni mwa mama yake.

Mtu aliyesahauliwa ni maksai. Dume aliyehasiwa hana kupanda na kushuka kwa homoni kulikozoeleka, kwa hiyo huchelewa kuangusha pembe na mara nyingi huwa nazo katikati ya baridi. Na maksai ndiye mvuta sleji wa jadi, kwa sababu ni mkubwa kuliko jike, mtulivu kuliko dume, na hakonde kwa kupigania majike. Ukiona reni mwenye pembe akivuta sleji Desemba, usikimbilie kusema ni jike.

Kuhusu majina: reni wanane wa Baba Krismasi walitajwa katika shairi lililochapishwa na gazeti la mji wa Troy, jimbo la New York, tarehe 23 Desemba 1823. Sita wana majina ya Kiingereza yanayojieleza, kama vile "mcheza dansi" na "nyotamkia". Wawili wa mwisho waliandikwa Dunder na Blixem, ambayo ni Kiholanzi cha New York ya wakati huo: ngurumo na radi. Wachapishaji wa baadaye waliyageuza hadi yakawa Donder na Blitzen, la pili likiwa limeshaegemea Kijerumani. Rudolph mwenye pua nyekundu hakuwemo. Aliongezwa mwaka 1939 na Robert L. May, mwandishi wa matangazo wa kampuni ya maduka ya Montgomery Ward.

SWALI: Wafugaji wa kaskazini mwa Ulaya humwita mnyama huyu kwa jina gani wenyewe? Na wanamjuaje wa nani ni yupi, ikiwa makundi huchanganyika?

Wasami, ambao nchi yao imegawanyika kati ya Norwe, Uswidi, Ufini na rasi ya Kola ya Urusi, humwita boazu katika Kisami cha Kaskazini. Lakini mfugaji halisi hutumia neno hilo mara chache kuliko unavyodhani, kama vile mfugaji wa ng'ombe anavyosema mtamba, fahali au maksai. Ndama ni miessi. Akipita mwaka wa kwanza huitwa čearpmat. Jike mzima ni áldu, dume asiyehasiwa ni sarvvis, maksai wa kuvuta ni heargi. Reni wa porini hana nafasi kabisa ndani ya boazu, yeye ni goddi. Wafini nao wamegawanya hivyo hivyo: poro ni wa kufugwa, peura ni wa porini. Kwa reni wa Ulaya na Asia, Kiingereza hakina tofauti hiyo ndani ya jina lenyewe, na ndiyo maana tafsiri nyingi za habari za kaskazini humfanya mnyama wa mtu aonekane kama mawindo.

Umilikaji husomwa masikioni. Kila mwenye reni ana alama yake iliyosajiliwa, nayo ni mpangilio wa mikato kwenye masikio yote mawili: jinsi ncha ilivyokatwa, kisha vijipengele kwenye ukingo wa mbele na wa nyuma wa kila sikio. Mfugaji mzoefu huisoma mnyama akikimbia.

Kazi yenyewe hufanywa Juni na Julai, mara nyingi usiku, kwa kuwa jua la huko wakati huo halizami na usiku kuna ubaridi na wadudu wachache. Kundi huingizwa kwenye boma la mviringo. Ndama hukamatwa kwa kamba ya kitanzi, kila mmoja akavishwa kibao chenye namba shingoni, kisha wote huachwa watulie. Hapa haraka ndiyo huharibu. Ndama aliyeshtuka hukimbia ovyo na anaweza kumfuata jike asiye mama yake, na alama ikishakatwa haifutiki. Kwa hiyo watu hukaa pembeni na daftari, wakiandika namba ipi inamfuata jike wa alama gani, mpaka uhusiano uonekane wazi. Ndipo ndama hukamatwa tena, akalazwa, akakatwa kwa kisu kikali alama ya mwenye mama. Vipande vya masikio hutunzwa, kwani mwisho wa kazi ndivyo vinavyohesabiwa kujua idadi ya ndama.

Kwenye boma kundi huzunguka, karibu kila mara upande mmoja, na aliye ndani husimama katikati. Ukikatisha mbele yao kundi hugeuka kwa ghafla, wanyama wakagongana na ndama wakakanyagwa.

Sheria hutofautiana. Norwe na Uswidi huwaachia Wasami ufugaji huu katika maeneo yao ya jadi, na Uswidi ina jumuiya 51 za wafugaji. Ufini mkazi wa eneo la reni anaweza kumiliki hata kama si Msami, ilimradi awe ndani ya ushirika wa wafugaji. Vyama vya ushirika vya namna hiyo viko 54, na nchi nzima imewekewa kikomo cha reni 203,700 wa kubakizwa baada ya kuchinja.

SWALI: Kwa nini baridi kali iwaue reni, ilhali wameumbiwa baridi? Na kwa nini wasipewe nyasi kavu kama ng'ombe?

Baridi yenyewe haiwaui. Nywele zao za nje zina hewa ndani, chini yake kuna sufu nzito, na pua ina mikunjo inayopasha hewa inapoingia na kurudisha joto na unyevu inapotoka. Kinachoua ni mvua katikati ya baridi. Joto likipanda kwa siku moja, mvua ikanyesha juu ya theluji kisha baridi ikarudi, tabaka la barafu hujifunga juu ya chakula. Wasami wana neno la barafu hiyo iliyoganda hadi kwenye malisho: čuohki. Ukwato hauipasui na pua hainusi kitu kupitia humo. Katika rasi ya Yamal, Urusi, hali hiyo iliua takriban reni 61,000 baada ya mvua za Novemba 2013.

Chakula kilichofungiwa huko chini ni likeni, ule muungano wa kuvu na mwani unaotanda ardhini kama sponji ya rangi ya kijivu. Reni ni mmoja wa wanyama wachache wanaoweza kuishi juu yake miezi mingi, kwa sababu vijidudu vya tumbo lake la kwanza vimezoea kuvunja wanga wake. Ni chakula cha nguvu lakini kina protini kidogo mno, chini ya asilimia 5, kwa hiyo mwili hubana matumizi na kuirudisha urea, taka ya protini, tumboni badala ya kuipoteza kwenye mkojo. Likeni hukua milimita chache tu kwa mwaka. Ikiliwa hadi chini inahitaji miongo kurudi. Kisiwa cha St. Matthew, Alaska, kilipewa reni 29 mwaka 1944. Hakikuwa na mbwa mwitu, na ifikapo 1963 walikuwa 6,000. Likeni ikaisha, baridi kali ya mwaka huo ikaingia, na mwaka 1966 walihesabiwa 42.

Sasa nyasi kavu. Reni aliyekwisha dhoofu, vijidudu vya tumbo lake vimepungua na vilivyobaki vinajua likeni. Ukimpa nyasi ngumu atazila kwa njaa, zitajaa tumboni bila kusagika, na atakufa akiwa ameshiba. Ukimpa chakula cha vidonge chenye nafaka kwa wingi, wanga huchachuka haraka, tumbo huwa na asidi, atahara na kuvimba. Wafugaji hulijua pia tatizo la tumbo kulowa: manyoya ya chini hulowana, hayahifadhi joto tena, na mnyama hupoa.

Njia salama ni kuanza mapema, kabla mbavu hazijaonekana. Siku za kwanza changanya likeni na konzi chache za vidonge vilivyotengenezwa kwa ajili ya reni. Ongeza kidogo kidogo kwa muda wa wiki mbili hadi tatu, mpaka mnyama mzima afikie takriban kilo 2 kwa siku. Kinyesi kikilainika, rudi hatua moja nyuma. Theluji safi inawatosha kama maji, lakini iliyokanyagwa na kuchafuliwa haifai. Tandaza chakula mahali pengi na mbali mbali, la sivyo wenye pembe watawazuia wasio nazo, na wanyonge ndio uliokusudia kuwaokoa. Boma likijaa sana huleta ugonjwa wa macho unaoambukiza, wenye machozi na ukungu kwenye mboni. Wahamishe kabla haujaenea.

SWALI: Kwa nini reni hutoa mlio wa "tik tik" akitembea? Ni kwato zinagongana?

Si kwato. Ni kano ya mguu inayoteleza juu ya kijifupa kidogo kila mguu unapobeba uzito. Husikika hata mnyama akikanyaga theluji laini, na katika ukungu au giza husaidia kundi kutopotezana.

SWALI: Ni kweli macho yao hubadilika rangi?

Ndiyo, sehemu ya nyuma ya jicho, ile inayoakisi mwanga ukimmulika mnyama kwa tochi. Wakati wa kiangazi ni ya dhahabu, katika giza la baridi huwa ya buluu. Watafiti wa London na Tromsø, mji wa kaskazini mwa Norwe, walieleza mwaka 2013 kwamba mboni ikibaki wazi kwa miezi, shinikizo ndani ya jicho hupanda, majimaji hubanwa kutoka kwenye tabaka hilo na nyuzi zake hukaribiana, na hivyo huakisi mwanga wa buluu. Mwanga mwingi hutawanywa ndani ya jicho, kwa hiyo anaona vyema gizani lakini picha si kali sana. Pia huona miali ya urujuanimno, ambayo macho yetu hayaioni. Likeni na mkojo huifyonza miali hiyo ilhali theluji huiakisi, hivyo kwake vitu hivyo hujitokeza vikiwa vyeusi juu ya weupe.

SWALI: Katika kamusi ya Kifini nimekuta poronkusema ni kipimo cha umbali. Poro si ndiye reni?

Ndiye. Kusema ni mkojo, na hakihusiani na kusema kwetu. Kipimo ni umbali ambao reni wa sleji huweza kukimbia kabla hajalazimika kusimama akojoe, kwa vile ilisemwa kwamba hawezi kufanya yote mawili kwa pamoja. Kwa kawaida hutajwa kuwa takriban kilomita 7.5. Dereva anayemzuia mnyama asisimame humdhuru, kwa hiyo safari zilipangwa kwa vituo hivyo. Leo Wafini hulitumia kwa mzaha, wakimaanisha mwendo mrefu ambao hakuna aliyeupima.